Nabongo na Chifu Mkuu: vyeo viwili juu ya kichwa kimoja

Kila mabishano kuhusu ufalme wa Wanga wa magharibi mwa Kenya yakizuka, iwe Mumias, Butere au huku Kisumu, sauti mbili husikika. Ya kwanza inasema Nabongo Mumia alitawala kuanzia Jinja hadi Naivasha. Ya pili, hasa mwenye kusema akiwa ametoka Kimilili au Marama, nchi za Waluhya wengine, inajibu kwamba Mumia hakuwahi kuwa mfalme wao, ni Mzungu tu aliyewaletea. Wabishi hawa wamemshika mtu mmoja, lakini wanazungumzia vyeo viwili. Kimoja alirithi kwa babake mwaka 1882. Kingine alipewa na serikali ya kikoloni mwaka 1909. Historia ya watawala wa Wanga haieleweki mpaka vyeo hivi vitenganishwe, na kabla ya hapo kuna majina ya kunyoosha.

Nabongo si jina la mtu. Ni cheo cha mtawala wa Abawanga, mojawapo ya jamii za Waluhya. Wanga nalo ni jina lenye kazi tatu: ni mtu anayetajwa kuwa mwanzilishi, ni watu wenyewe, tena ni nchi yao, ambayo kiini chake ni Mumias na Matungu za leo katika kaunti ya Kakamega, karibu na mto Nzoia. Ukoo unaotoa mtawala ni Abashitsetse. Koo nyingine za Wanga ni nyingi na zina wazee na heshima zake, lakini hazitoi Nabongo.

Mji wa Mumias wenyewe umebadilishwa jina mara kadhaa. Wenyeji waliuita Elureko, au Lureko. Watu wa misafara kutoka pwani waliuita kwa jina la mwenye mji, kama ilivyo desturi ya Kiswahili: kwa fulani. Enzi ya Nabongo Shiundu ukaitwa Kwa Shiundu, na msafiri wa Kiskoti Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 akauandika Kwa Sundu, ingawa Shiundu alikuwa ameshafariki na mwanawe Mumia ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Baadaye Waingereza wakasema mahali pa Mumia kwa namna ya lugha yao, ile sauti ya s ikabaki mwishoni, na ndiyo leo imechapishwa kila mahali hadi kwenye pakiti za sukari. Kwa hiyo ukikuta Kwa Sundu, Elureko na Mumias katika vitabu vitatu, usidhani ni miji mitatu.

Omukasa

Mfalme wa Wanga hakutambulikana kwa taji. Alama kuu ilikuwa omukasa, bangili ya shaba iliyopita kutoka mtawala hadi mrithi wake. Pamoja nayo kulikuwa na ngozi ya chui na mkuki, lakini bangili ndiyo iliyobeba haki yenyewe.

Masimulizi ya chimbuko yamejengwa juu yake. Yanaeleza kuwa Wanga alitoka upande wa Tiriki baada ya kutoelewana na nduguze, akafika Imanga, eneo la Matungu ya sasa, akapokewa na mtawala wa hapo aliyeitwa Muima. Akapewa kazi ya kuchunga ng'ombe. Akiwa malishoni, mbali na macho ya watu, alivaa bangili zake za kifalme, na kabla ya kurudi nyumbani jioni akazivua na kuzificha. Siku moja akaonekana. Habari ikafika kwa Muima, na utawala ukahama kutoka mkono wa mwenyeji ukaingia mkono wa mgeni.

Kisa hiki kinahitaji kusomwa polepole kwa sababu kinafanya kazi ya kisheria. Kinakiri kwamba Abashitsetse si wenyeji wa kwanza wa nchi. Kinasema pia kwamba haki yao ya kutawala haikutokana na ardhi, maana ardhi ilikuwa na mwenyewe, bali ilitokana na damu ya kifalme waliyokuja nayo, ambayo bangili ndiyo shahidi wake. Ndiyo maana mvutano wa urithi katika Wanga ulikuwa pia mvutano wa nani ameshika vifaa vya kifalme. Mtoto wa Nabongo asiye na omukasa alikuwa mtoto wa Nabongo tu.

Na watoto walikuwa wengi. Nabongo alioa kutoka koo mbalimbali, jambo lililounganisha nchi lakini likazaa wagombea. Kuzaliwa wa kwanza hakukumpa mtu kiti moja kwa moja. Wazee walikuwa na neno lao katika kuchagua, na ujomba ulikuwa na uzito: kijana ambaye wajomba zake walikuwa ukoo mkubwa aliingia kwenye mashindano akiwa na watu nyuma yake. Chini ya Nabongo mambo ya kila siku ya kijiji, mipaka ya mashamba na kesi ndogo, yalikuwa mikononi mwa wakuu wa vijiji. Huku magharibi neno liguru bado linatumika kwa mzee wa kijiji, na mwenye kulitumia leo hahitaji kufundishwa jinsi utawala wa zamani ulivyogusa mlango wa nyumba.

Miaka 27, tena 27, tena 27

Orodha za watawala zinazosambaa zinampa kila Nabongo mwaka wa kuanza na wa kumaliza. Netia anawekwa 1760 hadi 1787. Osundwa 1787 hadi 1814. Wamukoya 1814 hadi 1841. Shiundu 1841 hadi 1882. Mumia 1882 hadi 1949.

Toa hesabu. Kutoka 1760 hadi 1787 ni miaka 27. Kutoka 1787 hadi 1814 ni 27. Kutoka 1814 hadi 1841 ni 27. Ni vigumu kuamini kwamba watu watatu walifuatana na kutawala muda sawasawa namna hiyo. Hiyo ni hesabu ya vizazi: mtafiti anachukua tarehe moja anayoiamini, anakadiria urefu wa kizazi kimoja, kisha anarudi nyuma hatua kwa hatua, jina moja hatua moja. Ni njia halali ya kufanya kazi pale ambapo hakuna maandishi. Kosa huja pale makadirio yanaponakiliwa bila maelezo, msomaji akayachukulia kama tarehe za cheti cha kuzaliwa.

Angalia pia Shiundu. Miaka yake 41 ina ncha mbili za aina tofauti. Ncha ya 1882 inashikiliwa na ushahidi, kwa kuwa Thomson alikuja mwaka mmoja tu baadaye. Ncha ya 1841 ni ya kukokotoa. Na miaka 67 ya Mumia inatuonyesha jinsi wastani unavyoweza kudanganya: mtu mmoja alikalia kiti kwa muda ambao hesabu ya 27 ingewapa watawala wawili na nusu.

Hatari kubwa zaidi iko juu kabisa ya orodha, kwa Wanga mwenyewe na waliomfuata karibu. Tuseme orodha ina majina 11 kabla ya mwaka 1841. Mara 27 inatoa miaka 297, hivyo mwanzo unaangukia 1544. Lakini tuseme watatu kati ya hao walikuwa ndugu wadogo wa waliowatangulia, si watoto wao. Ndugu ni kizazi kimoja, kwa hiyo hatua tatu zinaondoka, miaka 81 inatoweka, na mwanzo unasogea hadi 1625. Swali la kuuliza mbele ya kila jina, basi, ni moja: huyu alikuwa mtoto wa aliyemtangulia, au ndugu yake? Orodha nyingi hazijibu.

Majina kujirudia nako kunaleta balaa. Katika Wanga, kama kwa Waluhya wengi, mtoto hupewa jina la mzee aliyetangulia. Jina la Wamukoya, kwa mfano, linaweza kukutana nawe zaidi ya mara moja. Mwandishi mmoja akidhani ni marudio ya bahati mbaya atafuta moja, na orodha yake itapungua mtu. Mwingine akisikia jina la utani na jina la ukoo la mtu mmoja atawaandika wawili. Hapo ndipo orodha mbili za kweli zinapotofautiana bila yeyote kusema uongo.

Mbinu inayosaidia ni kumfunga kila mtawala kwenye kitu cha nje. Wabukusu, Waluhya wa upande wa Kimilili, wana marika manane ya tohara yanayozunguka, na mzunguko mzima unachukua takriban miaka 100. Mzee wa Kibukusu akisema vita fulani na watu wa Wanga vilipiganwa na rika fulani, umepata kipimo kisichotegemea hesabu ya Abashitsetse. Tahadhari yake ni kwamba jina la rika hurudi baada ya karne, kwa hiyo lazima ujue ni mzunguko upi.

Nyumba mbili za Wanga

Yapo makosa ambayo hayatokani na tarehe bali na kusahau kwamba Wanga iligawanyika. Kulikuwa na Wanga ya Elureko, ndiyo nyumba ya Shiundu na Mumia, na kulikuwa na Wanga Mukulu, iliyokuwa na mtawala wake. Mumia alipokuwa Elureko, kule Wanga Mukulu alikuwepo Sakwa, naye hakuwa mtumishi wa Mumia.

Wageni walilijua hili, tena wakalitumia. Frederick Jackson wa kampuni ya Waingereza alikuwa ameifanya Elureko kituo chake mwaka 1889. Carl Peters, Mjerumani, alipopita mwanzoni mwa 1890 akaandikiana mkataba na Sakwa. Wanga moja, nyumba mbili, na mataifa mawili ya Ulaya kila moja likitafuta mlango. Mkataba wa Peters haukufika popote, kwani Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mipaka yao huko Ulaya na upande huu ukabaki kwa Waingereza. Lakini kuanzia siku hizo nyumba ya Elureko ilizidi kupanda na ya Mukulu ikazidi kufifia katika maandishi. Anayesoma nyaraka za Waingereza peke yake ataondoka akiamini Wanga ilikuwa na mfalme mmoja tu.

Kwa nini Elureko ilipanda? Kwa sehemu ni njia. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilianza kufika enzi ya Shiundu, ikileta nguo, shanga na bunduki, ikitafuta pembe za ndovu na watumwa. Msafara uliotoka pwani ukakatiza nchi ya Wamaasai ulifika umechoka na mifuko ikiwa tupu. Elureko kulikuwa na nafaka, kuku na kuni, na mwenyeji aliyekuwa tayari kupokea. Shiundu, kisha Mumia, wakafanya ukarimu kuwa siasa. Uislamu na Kiswahili vikapata makao Mumias mapema kuliko sehemu nyingi za magharibi. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alipita hapo akielekea Busoga, ambako aliuawa Oktoba mwaka huo.

Sehemu nyingine ni udhaifu, na hili halitajwi vya kutosha. Wanga ya Shiundu ilikuwa imebanwa na Wajaluo wa Ugenya upande wa kusini magharibi. Ilitumia askari wa kukodi, Wamaasai wa Uasin Gishu waliokuwa wametawanywa na vita vyao na kupata hifadhi huku. Bunduki za wageni zilikuwa jibu la shida ya karibu kabisa. Mumia alipomkaribisha Mwingereza alikuwa akifanya alichofanya babake kwa Mswahili na Mmaasai: kumtafuta rafiki mwenye silaha. Tofauti ni kwamba rafiki huyu hakuondoka.

Cheo cha pili kinazaliwa

Himaya ya Uganda ilitangazwa 1894, na Kavirondo, kama eneo hili lilivyoitwa wakati huo, ikawa ndani yake. Kituo cha serikali kikawekwa Mumias, na mwaka 1895 C. W. Hobley akaja kukiongoza. Mwaka huo huo majeshi ya serikali yalipigana na Wabukusu kwenye ngome za Lumboka na Chetambe, na watu wa Wanga walikuwa upande wa serikali. Hapo ndipo kidonda cha Wabukusu kinapoanzia. Kwao Wanga haikufika kama ufalme jirani uliokuwa ukikua. Ilifika nyuma ya bunduki ya serikali.

Kisha njia ikahama. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Mzigo wa Uganda sasa ulishuka kwenye treni na kupanda meli ziwani, na barabara ya misafara iliyopita Mumias ikabaki bila wasafiri. Mwaka 1902 eneo lote likatolewa Uganda na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa mtawala ambaye nguvu zake zilitokana na kuwa kituo cha njia, haya yalikuwa mapigo mawili mfululizo.

Kilichofuata kinashangaza mtu asiyejua mambo ya utawala: badala ya Mumia kupungua, alikuzwa. Serikali ilihitaji kukusanya kodi ya nyumba na kupata vibarua katika nchi yenye jamii nyingi ambazo nyingi hazikuwa na mfalme. Haikuwa na maofisa wa kutosha. Wanga tayari walikuwa na watu waliozoea amri na waliojua Kiswahili. Kwa hiyo, hasa kati ya 1907 na 1909 chini ya ofisa wa serikali Geoffrey Archer, nduguze Mumia na watu wake walipelekwa kuwa machifu nje ya Wanga. Mulama akapewa Marama. Murunga akapelekwa kwa Wabukusu wa kaskazini, upande wa Kimilili. Mwaka 1909 Mumia mwenyewe akatangazwa Chifu Mkuu.

Cheo hiki kilisimama juu ya sheria, si juu ya omukasa. Msingi wake ni Sheria ya Wakuu wa Vijiji ya 1902, na baadaye Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya 1912. Chini ya sheria hizo chifu anateuliwa na serikali, anapewa mipaka, anatakiwa kuhakikisha kodi, barabara na amani, na serikali ikichoka naye inamwondoa. Linganisha na Nabongo. Nabongo hateuliwi na mkuu wa wilaya, hastaafishwi, wala kiti chake hakina ramani iliyochorwa ofisini. Chifu Mkuu alikuwa na mipaka mipana kuliko ya mfalme yeyote wa Wanga, na mizizi mifupi kuliko ya liguru.

Matatizo yalitokea pale pale vyeo viwili vilipogusana. Chifu wa Kiwanga aliyetumwa Marama au Bukusu alikuwa na karatasi ya serikali, lakini hakuwa na ukoo pale, hakuwa na wajomba, na hakujua ni mzee yupi wa kuulizwa kuhusu mpaka upi wa shamba. Alipoamua kesi ya ardhi, alionekana anagawa kisicho chake. Alipokusanya kodi, lawama haikumwendea Mzungu aliyeiweka, ilimwendea Mwanga aliyesimama mlangoni. Malalamiko yakaongezeka mwaka hadi mwaka, na serikali ikaanza kurudi nyuma. Makao makuu ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega mwaka 1920. Katika miaka hiyo ya 1920 Mumia alistaafishwa kwenye kazi ya Chifu Mkuu. Kulikuwa na jitihada za kutaka Mulama ashike nafasi hiyo, jamii nyingine zikaikataa, na katikati ya miaka ya 1930 Mulama mwenyewe akaondolewa kwenye uchifu wa Marama.

Tazama maneno haya mawili: alistaafishwa, akaondolewa. Hayo ni maneno ya cheo cha 1909. Kwenye cheo cha 1882 hakuna aliyemgusa. Mumia aliendelea kuwa Nabongo hadi alipofariki Aprili 1949.

Naivasha ilitoka wapi?

Sasa turudi kwa yule anayesema Jinja hadi Naivasha. Hajatunga. Kabla ya 1902 Himaya ya Uganda ilifika hadi Naivasha upande wa mashariki, na Mumias ilikuwa kituo chake muhimu upande huu. Mpaka ulikuwa wa serikali ya Uganda. Maoni yetu ni kwamba masimulizi yamechukua ramani ya himaya na kuivisha ufalme, kwa sababu bendera na Nabongo vilikuwa katika mji mmoja. Nchi iliyomtii Nabongo kwa urithi ilikuwa ndogo zaidi: Mumias, Matungu na kandokando yake. Udogo huo haupunguzi heshima yake hata kidogo.

Vivyo hivyo kauli kwamba Wanga ndio ufalme pekee uliokuwepo Kenya kabla ya ukoloni. Pwani kulikuwa na masultani wa Pate, na Mombasa na Malindi zilikuwa na watawala wake karne nyingi. Kwa bara kauli hiyo ina nguvu; kwa Kenya nzima haisimami.

Anayetaka kufuatilia mwenyewe aanze na nyaraka kwa mpangilio wa mipaka. Ya kabla ya 1902 yatafutwe upande wa Uganda, maana Mumias ilikuwa ya Uganda. Ya baadaye yamo Nairobi, kwenye mafaili yenye jina North Kavirondo, kisha North Nyanza. Ukitafuta neno Kakamega au Luhya kwa miaka ya mwanzo utakosa mengi, kwa kuwa jina Abaluhya lilianza kutumiwa na wote katika miaka ya 1930. Kila Mumia anapotajwa humo, angalia anaitwa nani katika sentensi hiyo. Mahali palipo na kodi, barabara, mshahara au mpaka wa lokesheni, unasoma habari za Chifu Mkuu. Palipo na urithi, ndoa za koo, bangili au makaburi ya Matungu, unasoma habari za Nabongo. Mwandishi wa ripoti mara nyingi hakujua tofauti, na atayaweka yote mawili katika aya moja.

Baada ya uhuru uchifu uliingia katika utumishi wa serikali, na chifu wa Mumias leo anaweza kutoka ukoo wowote mradi ana sifa zinazotakiwa. Kile cheo kingine hakikutangazwa kwenye gazeti la serikali. Kinashikwa na Nabongo Peter Mumia wa Pili, wa ukoo wa Abashitsetse, bila kodi ya kukusanya wala mpaka wa kulinda.